Hilda Hakukosea

24 Novemba

Anna amepiga simu. Shule zikifungwa ataniletea watoto, wakae hadi zifunguliwe. Nilifurahi mpaka alipoanza masharti. Wasichunge mbuzi. Wasinywe maji ya kuchimba. Wasishuke mtoni. Wasitembee pekupeku. Nikamwuliza, sasa wanakuja Gulwe kufanya nini, kunitazama usoni? Akasema, "Wapumzike tu, Mama." Hilda ana miaka kumi na miwili, Fredy tisa. Wamechoshwa na nini hao, na huko Nzuguni, Dodoma mjini, hata kuni hawazijui?

Nimefundisha shule ya msingi ya hapa maisha yangu yote ya kazi. Sayansi na kilimo. Watoto wa watu nimewatembeza porini, nimewaonesha majani ya kula na majani ya kuogopa. Leo wajukuu zangu mwenyewe ndio wa kukalishwa kwenye mkeka.

1 Desemba

Mawingu yalikuja, yakasimama juu ya milima ya Mpwapwa, yakaondoka. Malori ya mchanga hayakuondoka. Hata Jumapili yanapita, na vumbi lake limenifuata mpaka kanisani. Baada ya ibada nilimkuta Filipo, mwenyekiti wetu wa kijiji. Huyo nilimfundisha kusoma. Nikamwuliza ni nani aliyeruhusu watu kuchimba mchanga karibu na kivuko, mahali ambapo kijiji kizima kinavukia kwenda mashambani. Akasema, "Mwalimu, kibali kimetoka juu." Nikamwuliza juu wapi. Akatazama bati la kanisa.

7 Desemba

Wamefika, kwa bodaboda kutoka stendi ya Mpwapwa, na katoni mbili za maji ya chupa zimefungwa nyuma. Anna mwenyewe hakuja, yuko zamu wodini. Amenunua maji Dodoma ili watoto wayanywe kwangu. Mimi niliyemlea yeye kwa maji ya hapa mpaka akawa muuguzi.

Fredy aliuliza pa kuchajia simu ni wapi. Hilda hakuuliza kitu. Alizunguka nyumba, akatazama zizi, akatazama mto kule chini kwa muda mrefu, kisha akaja kukaa karibu nami.

9 Desemba

Katoni moja imekwisha. Fredy ananawia miguu maji ya chupa. Leo asubuhi nikawachukua wote wawili kwenda mtoni. Masharti ya Anna nayakumbuka yote. Niliyaacha nyumbani.

Mto wetu miezi mingi ni mchanga mtupu, lakini maji yako chini yake. Nilimwambia Hilda achague pa kuchimba. Akachagua katikati, kwenye mchanga mweupe unaopendeza. Alichimba mpaka mkono ukazama kufikia kiwiko, kukavu. Nilimwacha atafute. Akaacha kuchimba, akakaa kutazama. Hua wawili walitua kwenye kona, karibu na mizizi ya mkuyu, wakawa wanatembea pale pale kama wenye nyumba. Hilda akahamia huko. Mchanga ukaanza kuwa mweusi, kisha ukavuja. Fredy akataka kuinama anywe, nikamvuta shati. Maji ya kwanza unayamwaga. Ya pili unayangoja yatulie mpaka uone vidole vyako chini. Na nyumbani niliyachemsha, maana sayansi niliyoifundisha sijaisahau. Anna anadhani mimi ni nani?

Juu kidogo ya kivuko wale vijana wa mchanga walikuwa wanapakia lori. Mashimo yao yanamfunika mtu aliyesimama. Mmoja alishusha koleo akasema, "Shikamoo, Mwalimu." Sikuitikia. Hilda akaniuliza kwa nini sikuitikia, nikamwambia yule anauza mto wetu. Wanamwita Jamaldini. Anatoka Kondoa.

12 Desemba

Fredy alivunja tawi la mnyaa kwenye uzio wa Batuli, jirani yangu. Nilimdaka mkono kabla hajajifikicha jicho. Utomvu ule unapofusha. Amenawishwa, amelia, hatarudia.

15 Desemba

Mvua ya kwanza. Tumepanda mtama na uwele. Miguu sita, yote pekupeku.

18 Desemba

Leo jua lilikuwa kali, hakuna wingu hata la kusingizia. Niliwaketisha juu ya ukingo nikawaambia wasikilize. Jana jioni radi zilipiga upande wa Kongwa, na maji ya huko hayana njia nyingine, hupita kwetu. Fredy akalalamika kwamba hakuna kitu, mto mkavu, jua linamchoma. Hilda ndiye aliyesikia kwanza. Alidhani ni treni. Kisha likaja povu, likaja na vijiti na magunzi ya mahindi, na nyuma yake maji ya kahawia yanayotembea yakiwa yamesimama kama ukuta. Fredy alinishika khanga asiiachie. Amejua sasa kwamba mto unaweza kumfuata mtu juani.

Tulikaa mpaka maji yakapungua, na hapo ndipo nilipofundisha. Chomeka kijiti kwenye ukingo wa maji. Maji yakikiacha, ujue yanashuka. Usivuke palipotulia, hapo pana kina. Vuka penye viwimbi, mchanga uko karibu. Fimbo mbele, mguu baadaye. Fimbo ikigota ndipo uhamishe mguu. Mdogo akae nyuma, amekushika kiunoni. Ukiwa na shaka, kaa. Mbuzi watangoja, chakula kitangoja, Bibi atangoja.

Hilda akarudia yote, kwa maneno yake mwenyewe, hakuacha hata moja. Nimefundisha watoto wengi. Sijapata anayesikiliza kama huyu.

22 Desemba

Anna kapiga simu na Fredy kamweleza kila kitu kwa furaha, maji ya kuchimba, mbuzi, mto unaokuja kama treni. Nikapewa simu.

"Mama, nilikuomba."

"Nilikusikia."

"Ulinisikia halafu ukafanya nini?"

Nikamwambia watoto wake walifika hapa hawajui jua linatokea wapi. Akasema wanajua njia ya kwenda shule, na inawatosha. Nikasema njia ya shule ina lami, hata kuku anaijua. Akakata simu. Ananikatia mimi simu.

25 Desemba

Krismasi. Anna yuko zamu tena. Tulichinja jogoo, na kuni zote zimelowa kwa mvua ya alfajiri. Nilikuwa najiandaa kwenda kuomba mkaa kwa Batuli. Hilda akapasua gogo, akatoa moyo mkavu wa ndani, akauchonga vipande vyembamba. Kisha akaleta mavi makavu ya ng'ombe aliyokuwa ameyaficha chini ya kitanda tangu mvua zianze, bila kuambiwa na mtu. Moto ukashika. Nikatoka nje nikajifanya natazama mbuzi.

29 Desemba

Jana sikuandika.

Jana asubuhi watoto walivuka na mbuzi kwenda ng'ambo mto ukiwa mkavu. Mimi nilibaki upande huu napalilia. Kabla ya mchana maji yalishuka, si mengi. Sikuhangaika. Nilijua Hilda ataketi, na aliketi. Yaliyofuata kanieleza Fredy, na nimemwuliza tena na tena, kwa hiyo naandika kama alivyosema.

Waliketi ukingoni. Hilda alichomeka kijiti. Maji yakakiacha, akachomeka kingine, nacho yakakiacha. Fredy akawa na njaa, akasema twende, Hilda akasema bado. Akasema twende tena, Hilda akamwambia atafune zambarau anyamaze. Maji yakashuka mpaka yakabaki ya magotini. Wakawaacha mbuzi ng'ambo kwanza, waje wavushwe baadaye. Hilda akachagua penye viwimbi, kwenye kivuko chenyewe, pale tunapovukia sote. Fimbo mbele. Fimbo ikagota, akahamisha mguu. Ikagota tena, Fredy anaapa kwamba aliisikia ikigota. Akakanyaga, na mchanga ukaporomoka chini yake wote kwa pamoja. Kabla hajaenda alimsukuma mdogo wake nyuma kwa mikono miwili. Halafu hakuonekana.

Mimi nilichosikia ni sauti ya Fredy. Nilitupa jembe nikakimbia, na mtama wote nilioupalilia nikaukanyaga.

Nilipofika, Jamaldini alikuwa majini. Wale vijana walikuwa wamekaa kivulini mwa lori lililokwama ukingoni, wakamwona mtoto akipotea. Alijifunga kamba ya turubai kiunoni, wenzake wakaishika. Hakurukia pale Hilda alipozamia. Aliruka chini kidogo, maji yanakoelekea. Akazama, akatoka mikono mitupu. Akazama tena, akakaa huko mpaka nikaanza kutaja jina la Mungu kwa Kigogo, lugha ya mama yangu, jambo ambalo sijalifanya tangu nimzike mume wangu. Akatoka naye.

Tulimlaza. Uso ulikuwa wa majivu. Nilimpulizia mdomoni jinsi nilivyokuwa nikifundisha darasani kwa kuchora ubaoni, na Jamaldini akawa anamkandamiza kifua nilivyomwelekeza. Akatapika maji, akatapika mchanga, akakohoa, akalia. Sijasikia kilio kizuri kama kile.

Nilipoona anapumua mwenyewe nikamgeukia yule kijana. Nilipaswa kusema asante. Nikasema, "Ninyi ndio mmemzamisha mjukuu wangu."

Alikuwa ametapakaa matope, meno yanagongana. Akasema, "Ni kweli, Mwalimu. Shimo hilo nililichimba mimi wiki iliyopita. Ndiyo maana nilijua pa kuruka."

Nilitaka kumpiga kofi, na nilitaka kumshika miguu. Sikufanya lolote. Nilimbeba mtoto na wao wakanisaidia kumfikisha zahanati.

Kivukoni penyewe. Wamesogea kutoka kule juu kwa sababu hapa lori linafika kirahisi. Maji yalipokuja yalitandaza mchanga laini juu ya shimo, ukingo wake ukaonekana mgumu, fimbo inagota, lakini uzito wa mtu hauubebi. Hakuna kiwimbi kinachokwambia hilo. Mama yangu hakunifundisha, kwa sababu wakati wake hakuwapo mtu aliyechimba sakafu ya mto na kuondoka nayo.

Hilda amelala zahanati, kifua kinakoroma kidogo. Nilipotaka kumpigia Anna nikakuta Batuli ameshampigia.

30 Desemba

Anna kafika akiwa bado na sare ya kazi. Alimsikiliza Hilda kifua, mbele na nyuma, akamkagua kucha, akamvalisha sweta. Ndipo akageuka akasema, "Shikamoo." Nikaitikia. Tukatoka nje.

"Nilikuomba kitu kimoja tu."

"Uliomba vinne."

"Mama, usinifanyie hivyo leo."

Nikamwambia mtoto alifanya kila kitu sawasawa, aulize yeyote.

"Hilo ndilo linalonitisha," akasema. "Alifanya kila kitu sawasawa na bado akazama. Wewe unawajua waliovuka wakafika. Mimi nawapokea wodini wale wengine."

Nikasema wenye kosa ni wachimba mchanga, na aliyewapa kibali, na Filipo anayetazama mabati. Akasema hao yeye si anaowajua, anayemjua ni aliyemwambia mtoto wake kwamba mto unasomeka. Kisha akaanza kulia, na akiwa analia akasema jambo ambalo sikulitegemea.

"Na mimi mbona hukunifundisha? Nilikulilia niende kuchunga na wenzangu, ukasema kazi yangu ni kitabu. Ukanipeleka bweni nikiwa mdogo kuliko Hilda. Watoto wa watu ulikuwa unawatembeza porini. Mimi nikirudi likizo sijui hata mboga ya mlenda wa pori ikoje, wananicheka."

Nikamjibu kwamba kitabu hicho ndicho kilichompa sare aliyovaa. Jibu ni la kweli, na nimelichukia tangu lilipotoka mdomoni.

Wameondoka. Hilda alipopanda bodaboda hakunitazama mimi. Aliutazama mto.

31 Desemba

Mvua kutwa. Mbuzi wanalia na mimi siwajibu.

6 Januari

Nilikwenda ofisi ya kijiji. Filipo akanipa kiti akasema, "Tumshukuru Mungu, Mwalimu, mtoto ni mzima." Nikamwambia asimwingize Mungu kwenye shimo asilolichimba. Akasema vijana wanapata riziki. Nikasema sikuja kudai riziki ya vijana, nimekuja kudai kivuko. Nikataka aitishe mkutano wa kijiji. Akasema ataangalia ratiba. Nikasema aangalie, nipo. Nilikaa kwenye benchi lake, wageni wakija wananisalimia, wanauliza kulikoni, nami nawaeleza kila mmoja kuanzia mwanzo. Kabla ya chakula cha mchana ratiba ilikuwa imepatikana.

11 Januari

Simu ya Anna iliita, lakini sauti ilikuwa ya Hilda, ya chini kabisa. Mama yake alikuwa anaoga.

"Bibi, nilikosea wapi?"

Nikamwambia hakukosea popote.

"Lakini nilizama."

"Ulizama kwa sababu kulikuwa na shimo."

"Sasa si nilipaswa kuliona?"

Nikaanza kumweleza, nikasikia mlango, na Anna akachukua simu. Hakuwa na hasira safari hii, alikuwa amechoka. Alisema Hilda hapiti hata penye dimbwi la maji barabarani. Anasimama mpaka mtu ambebe. Msichana wa miaka kumi na miwili anabebwa mgongoni kwenda dukani, wenzake wanamwona. Nikasema mlete, nimweleze mwenyewe, macho kwa macho. Akasema hapana. Nikasema basi mpe simu dakika chache. Akasema, "Mama, kila akielezwa habari za mto, usiku anauota."

Nimekaa na hasira siku nzima na sijui pa kuiweka. Mchanga wameuchukua, sawa, mvua zitaleta mwingine. Lakini huyu mtoto alikuwa ameanza kuyaamini macho yake. Alimwona hua akamfuata. Aliona maji yameacha kijiti akajua maana yake. Sasa anadhani macho yake ndiyo yaliyomdanganya. Hicho walichokichimba kwake, lori gani litakileta?

18 Januari

Mkutano umefanyika, watu wengi. Nilisimama nikaeleza. Nilidhani wote watakuwa upande wangu, kumbe sivyo. Batuli, jirani yangu, anayewapikia wale vijana, alisema wakiondoka yeye atamuuzia nani wali. Mzee mmoja akasema watoto wa mjini wasipewe mbuzi. Msimamizi wa mkandarasi wa mchanga, kijana mwenye miwani ya jua, akasema mto una hatari zake tangu zamani na kila mzazi achunge mtoto wake. Watu wakacheka kidogo.

Ndipo Jamaldini akasimama nyuma kabisa. Alisema yeye si mwenyeji, anaomba radhi kusema. Halafu akataja mashimo yaliko, moja baada ya jingine: kwenye kivuko, kwenye kona ya mkuyu, pale akina mama wanapofulia. Akasema, "Haya hayakuwapo zamani. Nimeyachimba mimi na hawa." Hakuna aliyecheka. Batuli aliinamisha kichwa, maana ndiko anakofulia.

Imeamuliwa uchimbaji uhamie kule chini, mto ukishapita kijiji, na mashimo ya kivukoni yafukiwe kabla mvua hazijazidi. Watu walipiga makofi. Mimi sikupiga. Nangoja nione koleo.

2 Februari

Sijaona koleo. Malori yamehama, mashimo yamebaki. Jamaldini amefukuzwa kwenye lori. Anapasua kuni kwa Batuli ili apate kula.

8 Februari

Nilikwenda kwa Batuli. Jamaldini aliponiona aliacha shoka akasimama wima kama mwanafunzi. Nikamtangulia kumsalimu, nikamwomba anioneshe mto. Akadhani namtania.

Tulishuka wawili. Alinifundisha nisiyoyajua. Ukingo ukikatwa na kuteremka kama njia, ujue lori lilishuka hapo, na shimo haliko mbali. Mchanga uliotulia miaka una changarawe juu. Uliomwagwa na maji juu ya shimo ni laini mtupu kama unga. Fimbo usiichomeke mara moja wima. Ichomeke, kisha iegemee kwa kifua uipe uzito wako, mguu ukiwa bado nyuma. Nilijaribu kwenye ukingo wa shimo lile. Fimbo iligota vizuri kabisa. Nikaiegemea, ikazama mpaka mkononi, na Jamaldini akanishika bega.

Nimeishi kando ya mto huu tangu nizaliwe, na leo naanza darasa la kwanza. Nimekasirika kwamba nalazimika. Kwa nini mtoto ajifunze mto na tena ajifunze uharibifu wa mto? Lakini nani mwingine atamfundisha, yule mwenye miwani?

Tumesimika nguzo kwenye kila shimo na kuzifunga vitambaa vyekundu. Nimechana sketi yangu ya kwaya.

1 Machi

Mvua. Nguzo mbili zimesombwa. Tumezirudisha.

9 Machi

Mvua. Nguzo tatu. Filipo alipita, akatutazama tukiwa kwenye matope, akasema kazi nzuri, Mwalimu. Nikampa koleo. Alilishika kidogo kisha akakumbuka kikao.

14 Machi

Baada ya swala ya Ijumaa wale vijana wa lori wenyewe walikuja, wakafukia shimo la kufulia kwa mikono yao. Hawakulipwa na mtu. Batuli alileta wali. Nami nilipeleka maziwa. Sikuwajua hawa vijana. Nilikuwa najua makoleo yao tu.

30 Machi

Nimempigia Anna nikasema wanakwaya wenzangu wanataka kumwona Hilda Pasaka, amlete. Uongo mtupu, na kaujua. Kasema atafikiri.

18 Aprili

Ijumaa Kuu. Nilikuwa natoka kanisani nikaona bodaboda mbili mlangoni kwangu. Anna hakutoa taarifa. Fredy amerefuka. Hilda alinishikilia kiunoni.

Watoto walipokwenda zizini Anna akasema, "Ameomba mwenyewe kuja. Kila siku anauliza lile swali lake. Nimemjibu mimi, amejibiwa na mwalimu wake, lakini haamini. Nimechoka kumbeba, Mama." Akawatazama watoto kule zizini. "Kesho tutashuka, lakini nami nitakuwepo."

19 Aprili

Tulishuka baada ya chai. Mto una maji ya kifundo cha mguu, yametakata. Jamaldini alikuwa anatungoja kwenye nguzo ya kivukoni. Hilda akamwamkia, akaficha uso. Anna akamshika yule kijana mkono kwa mikono miwili na hakuuachia upesi.

Nilimwambia Hilda asimame palipo salama atazame tu. Jamaldini akachomeka fimbo kwenye ukingo wa shimo. Ikagota, tukaisikia sote. Kisha akachukua gunia la mchanga, zito kama mtoto, akaliweka pale pale fimbo ilipogota. Lilikaa. Likakaa kidogo tena. Halafu ukingo wote ukaenda nalo, na maji yakafunika kama hapakuwa na kitu.

Hilda aliinama kutazama. Baadaye akasema, "Tena."

Tukafanya tena upande mwingine wa shimo. Fimbo ikagota, gunia likaenda. Alitazama mpaka matope yakatulia. Kisha akaniuliza, si kama mtoto anayetaka kubembelezwa, kama mtu anayetaka kujua: "Bibi, ungekuwa wewe siku ile, ungefanyaje?"

Nilikuwa nimeandaa maneno mengi. Nikasema, "Ningefanya ulivyofanya. Ningezama."

Anna alinitazama. Hilda naye. Akauliza, "Wewe?"

"Mimi. Na Fredy nisingewahi kumsukuma."

Akakaa chini kwenye mchanga, akalia kilio ambacho nadhani kilikuwa kinamngoja tangu Desemba. Tulimwacha alie. Alipomaliza alijifuta kwa mkono wa sweta, akamwomba Jamaldini fimbo, akamwomba amwoneshe jinsi ya kuiegemea kwa kifua. Alirudia mpaka akaridhika. Akasimama penye maji, akasita, akasita sana, na hakuna aliyemwita wala kumsukuma. Akaingia.

Fredy akamshika kiunoni. Nikasikia nyuma yangu viatu vinavuliwa. Anna alikunja gauni akaingia nyuma ya Fredy, uso umemkauka kwa woga, binti yangu ninayejivunia kwa watu kwamba haogopi damu.

"Sasa nifanye nini?" akauliza. Hakuniuliza mimi.

"Ngoja, Mama," Hilda akasema bila kugeuka. "Nikihamisha mimi, ndipo uhamishe wewe."

Wakafika ng'ambo. Mimi nilibaki upande huu, kwa sababu mtu lazima abaki upande huu kutazama.

21 Aprili

Walikuwa waondoke leo na basi la asubuhi. Tukiwa tunafunga mizigo tukasikia lori. Halikuwa kule chini walikohamishiwa. Lilikuwa linateremka kivukoni kwetu, Jumatatu ya Pasaka, wakidhani kijiji bado kina usingizi wa pilau. Nilichukua khanga nikatoka bila kuaga. Nyuma yangu nikamsikia Anna, kwa sauti ambayo bila shaka ndiyo ya wodini, akisema, "Fredy, kimbia kwa mwenyekiti, mwambie Bibi yuko kivukoni na haondoki." Dereva wa bodaboda akauliza, na basi je? Anna akamwambia liende tu.

Naandika nimekaa kwenye mchanga, mbele ya lori. Dereva amezima injini. Yule mwenye miwani anapiga simu juu, huko juu kwao. Anna amekaa kulia kwangu, anawauliza kwa upole majina yao, na anuani ya ofisi yao, na kibali chao kinasemaje kuhusu kivuko. Jamaldini na Batuli wanakuja kwa ile njia ya zahanati. Hilda yuko majini, ameshika fimbo, anakagua ukingo wa shimo ambalo hawajalifukia mpaka leo, taratibu, fimbo mbele na mguu baadaye.

Filipo ametokea kule juu na Fredy. Anatembea polepole sana, kama mtu anayetumaini tutakuwa tumechoka. Atatukuta.